Ukiona Vyaelea, Vimeundwa

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu akili ya kufahamu na mikono ya kutenda. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Hakuna nyumba ya mwambao isiyoijua furaha ya siku mtoto anapokhitimu Qurani. Mama hupika, baba hualika majirani, mwalimu huletewa zawadi yake, na mtoto huvishwa kanzu na kofia mpya akakalishwa mbele ya wazee kuombewa dua. Desturi hii ni njema, na Mwenyezi Mungu aidumishe. Mtoto aliyetunzwa siku ile haisahau mpaka kufa kwake, na wadogo zake wanaotazama hutamani siku yao nao ifike.

Sasa tuitazame siku nyingine. Mtoto yule yule, yuko shule ya sekondari, kidato cha tatu. Anarudi nyumbani na cheti cha mashindano ya sayansi. Yeye na wenziwe wametengeneza jiko linalokula makaa machache, au kichujio cha maji ya kisima, au wamechonga kasha ambalo fundi mkubwa angeona fahari kulitia mkono. Aghlabu huambiwa "hongera" na mtu ambaye hakuinua macho, kisha cheti hutiwa chini ya godoro pamoja na risiti za stima. Hapana majirani, hapana halua, hapana dua.

Ukiuliza sababu, wako watakaokwambia kwamba hayo ni mambo ya dunia. Jawabu hili hupendeza masikioni, lakini halikubaliani na dini yetu wala na historia yetu. Nataka tuifungue historia hiyo kidogo, ili tujue tumetoka wapi na wapi tulipopotea njia.

MITUME WALIKUWA MAFUNDI

Qurani Tukufu inatusimulia kwamba Nabii Nuh (A.S.) aliamrishwa aunde jahazi, naye akaliunda kwa mikono yake huku wakubwa wa watu wake wakimpitia na kumfanyia mzaha. Zingatieni jambo hili. Aliyekuwa kazini ni Mtume wa Mungu, na waliokuwa wakicheka ni wale walioangamia. Nabii Dawud (A.S.) alilainishiwa chuma, akafundishwa kutengeneza deraya za vita, na akaamrishwa apime sawasawa viungo vyake, maana yake ni kwamba hata kipimo cha fundi ni jambo la utiifu. Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kwamba hapana chakula bora kuliko kile mtu anachokipata kwa kazi ya mkono wake, na akampigia mfano Dawud huyo huyo, ambaye alikuwa mfalme. Akatueleza pia kwamba Nabii Zakariya (A.S.) alikuwa seremala.

Basi mwenye kusema kwamba tezo na nyundo ni vitu vya watu duni, na ajiulize anawasema kina nani.

Wanavyuoni wetu waliifahamu maana hii. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza katika kitabu chake cha Ihya kwamba uganga wa maradhi na hisabu ni fardhi kifaya, na akazitia pamoja nazo asili za kazi za mikono kama ukulima, ufumaji na ushonaji. Fardhi kifaya ni wajibu ambao wakiutimiza baadhi ya watu wengine husalimika, na usipotimizwa na yeyote mji mzima huingia dhambini. Imamu alisikitika kwamba katika miji mingi ya zama zake hapakuwa na tabibu ila asiye Mwislamu, ilhali wanafunzi walisongamana kwenye fiqihi, ambayo tayari ilikuwa na wengi wa kuisimamia. Miaka mia tisa imepita, na maneno hayo bado yanatutazama usoni.

VIJANA WALIOSHIKWA MKONO

Tukiwataja wataalamu wa Kiislamu wa zamani, huwataja wakiwa wazee wenye vilemba vikubwa. Tunasahau kwamba wengi wao walianza wakiwa na umri wa watoto wetu wa sekondari.

Huko Baghdad walikuwako ndugu watatu, Muhammad, Ahmad na Hasan, wana wa Musa bin Shakir. Baba yao alikufa wakiwa bado wadogo. Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala mpaka mwaka 833, hakuwatupa mayatima hao. Aliwakabidhi kwa liwali wake wa Baghdad awalee, wakapelekwa kusoma kwenye Nyumba ya Hekima, mahali walipokutana wajuzi wa hisabu, nyota na tarjuma. Walipokuwa watu wazima, karibu na mwaka 850, walitoa kitabu kilichoeleza vyombo mia moja hivi vya ufundi: chemchemi zinazobadilisha umbo la maji yake, taa zinazojipandishia utambi wenyewe, na vyombo vyenye vilango vya ndani vinavyojifunga na kujifungua kwa nguvu ya maji. Mengi kati ya hayo ndiyo asili ya mambo ambayo mafundi wa mitambo wanayatumia hata leo.

Abu Rayhan al-Biruni alizaliwa mwaka 973 katika nchi ya Khwarizm, ambayo sehemu yake leo imo Uzbekistan. Alipokuwa na umri wa miaka 17 tu alipima kimo cha jua la adhuhuri, akapata kwa hisabu mahali mji wa Kath ulipo baina ya ikweta na ncha ya kaskazini. Hiyo ndiyo elimu ambayo kwayo baadaye aliweza kuujua mzingo wa dunia yote, na kupata kibla cha miji ya mbali.

Na msidhani kwamba elimu hii ilikuwa ya wanaume peke yao. Katika mji wa Halab, ambao wengine huuita Aleppo, zama za mtawala Sayf al-Dawla, katika karne ya kumi ya Miladi, alikuwako bibi mmoja maarufu kwa jina la al-Ijliyya. Baba yake alikuwa fundi wa asturlabu, kile chombo cha shaba cha kupimia nyota na kujulia saa. Binti alijifunza kazi ile akawa fundi kamili, akafanya kazi katika baraza la mtawala. Ibn al-Nadim amemtia katika orodha yake ya wataalamu, pamoja na wanaume wa fani hiyo.

Tukiwatazama hawa, tutaona jambo moja lililowakusanya. Mayatima wa Musa walipata khalifa wa kuwaangalia. Binti wa al-Ijli alipata baba ambaye hakumwambia "kazi hii si yako". Akili ni atia ya Mungu, lakini atia hiyo huhitaji mtu mzima wa kuiona na kuipokea.

MWAMBAO WETU ULIJENGWA NA MAFUNDI

Tuyaache ya Baghdad na Halab, turudi kwetu. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ni ya watu wa bahari, na ni watu waliojua kuunda ndio walioweza kuisema.

Huko Kizimkazi, kusini ya Unguja, upo msikiti ambao kibla chake kina maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 Miladi. Huko Kilwa Kisiwani yamesimama magofu ya Msikiti Mkuu na kuba zake, na ya Husuni Kubwa iliyojengwa katika karne ya kumi na nne kwa amri ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Kazi ile haikutaka nguvu peke yake. Matumbawe hukatwa baharini yangali laini, yakachongwa upesi kabla hayajakauka, kwani yakishapigwa na hewa hukazana kama jiwe lolote. Chokaa huchomwa katika tanuu, kisha huachwa muda mpaka ikawiva. Mtu aliyeyajua hayo alikuwa mwanasayansi, ijapokuwa hakupewa cheti.

Na mtepe je? Wazee wetu waliunda chombo kizima bila ya msumari wa chuma, ubao kwa ubao ukishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake likiwa ni mkeka. Hata majahazi yaliyokuja baadaye, nendeni Matondoni kisiwani Lamu muwatazame mafundi. Fundi huanza na mkuku, akapandisha mataruma, akafuatisha mbao, akatia kalafati kwa pamba, akapaka sifa, na karatasi ya ramani hamna mkononi. Vipimo vyote vimo katika jicho lake. Na kule Siyu, kisiwani Pate, mji ulisifika kwa wanavyuoni, kwa kunakili misahafu, na papo hapo kwa kazi za ngozi na za kuchonga mbao. Elimu ya kitabu na elimu ya mkono zilikaa katika mtaa mmoja, wala hazikugombana.

HESHIMA ILIVYOPOTEA

Imekuwaje basi tukafika kuona haya kumwita mtoto wetu fundi?

Lazima tuseme kweli hata ikiwa chungu. Sehemu ya aibu hiyo tuliirithi katika zama za utumwa. Kazi nyingi za jua na jasho zilipotupwa juu ya watumwa, wako waliojiita waungwana wakaona kwamba uungwana ni kukaa barazani na mikono safi. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika mwambao wa Kenya mwaka 1907, lakini dharau ya kazi haikufutwa na sheria. Kisha ukaja utawala wa kikoloni ukaweka meza ya karani, na meza ile ikawa ndiyo ndoto ya kila mzazi. Kijana mwenye kalamu sikioni akapata mchumba. Kijana mwenye mafuta ya mashine mikononi akaambiwa angoje.

Hawakukosekana walioliona kosa hili mapema. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki 1947, na ambaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza kutoa gazeti la Sahifa mwaka 1930, kisha al-Islah mwaka 1932. Aliwaandikia Waislamu wa mwambao kwa lugha yao, akawakemea kwa uvivu na ubadhirifu wa maarusi, akawahimiza waisome elimu ya zama zao, wanaume kwa wanawake, bila ya kuiacha dini yao. Hakuwa mtu wa nje wa kudharau dini. Alikuwa kadhi, na ni dini yenyewe iliyomfanya aseme.

CHUO CHA TUDOR

Mwaka 1951, miaka minne baada ya kufariki Sheikh al-Amin, palifunguliwa Mombasa, mtaa wa Tudor, Chuo cha Mafunzo ya Waislamu, ambacho wengi walikijua kwa herufi za jina lake la Kiingereza: MIOME. Makusudio yake yalikuwa kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Katika waliotoa mali zao walikuwamo Sultani wa Zanzibar, Sayyid Khalifa bin Haroub, na Aga Khan wa tatu, na jamaa wa Kibohora, pamoja na fungu la serikali ya Uingereza. Watu hawa walikuwa na madhehebu mbali mbali na mambo yao mbali mbali, lakini walikubaliana juu ya jambo moja: kwamba Waislamu wa pwani hawawezi kuendelea kuwa wanunuzi wa kila kitu na waundaji wa chochote. Wakajenga kwa kuba na umbo la Kiislamu, kana kwamba wanataka kila kijana anayeingia ajue kwamba haingii nyumba ya ugeni.

Fikirini ujumbe uliokuwamo katika kuba zile. Tumezoea kuiona kuba juu ya msikiti. Hapa iliwekwa juu ya mahali pa kufundishia mashine na umeme.

Mwaka 1966 chuo kilibadilishwa jina kikaitwa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa, na milango yake ilikuwa imekwisha funguliwa kwa vijana wa dini zote. Mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, cha pili cha daraja hiyo nchini Kenya baada ya kile cha Nairobi. Mwaka 2007 kikapandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 kikapata hati yake kamili, kikaitwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Nimewasikia watu barazani wakinung'unika kwamba "chuo chetu kilichukuliwa". Mimi sikubaliani na manung'uniko haya. Elimu si kisima cha kutiwa kufuli, na sadaka inayowanufaisha viumbe wote wa Mungu ina thawabu zaidi, si pungufu. Swali ninaloliogopa ni jingine. Mlango ule haukufungwa kwa ajili yetu, uko wazi mpaka leo. Je, katika nyumba yako, ni nani aliyeambiwa tangu utoto kwamba akiingia mlango ule atakuwa ameheshimu dini yake na wazee wake?

KOSA LANGU MWENYEWE

Naona haya kuwausia wengine bila ya kusema langu. Mwanzo mwanzo wa miaka ya 1990 nilikuwa na mwanafunzi wa miaka kumi na minne hivi, msomaji wa wastani, mwenye vidole visivyotulia. Jioni moja nilitoka nikawakuta watoto wamelizunguka birika la kutawadhia. Alikuwa ameunda kijichombo kwa bati la samaki wa kopo, akakitia mota ya redio ya kanda iliyoharibika na betri mbili za tochi, nacho kikikata maji kutoka ukingo hadi ukingo.

Nilighadhibika. Nilikitwaa, nikamwambia mbele ya wenziwe kwamba hapa ni mahali pa udhu, si pa upuuzi, na kwamba mtu wa mambo haya hatokhitimu maisha yake. Kuilinda adabu ya birika ilikuwa haki yangu. Maneno yaliyofuata hayakuwa haki yangu. Siku ya pili hakuja, wala ya tatu, na mzazi wake alipomhimiza akasema chuo kimemshinda. Kile chombo kilikaa katika kabati langu la vitabu mpaka betri zikavuja zikaunguza jalada.

Nimeifundisha methali ile kwa mamia ya watoto. Nami nilikiona kikielea kwa macho yangu, wala sikumuuliza kimeundwaje.

SASA TUFANYE NINI?

Leo nafasi ni nyingi kuliko zama zile. Kenya ina mashindano ya sayansi na uhandisi ya shule za sekondari, ambapo wanafunzi huanza karibu na kwao wakapanda ngazi kwa ngazi mpaka taifa. Tanzania ina maonyesho ya wanasayansi vijana yanayofanywa tangu mwaka 2012. Huko watoto husimama mbele ya waamuzi wakaeleza walichounda, kwa nini, na kimewashinda wapi. Wanajifunza kusema kweli juu ya kazi yao, na kukubali kusahihishwa. Hizo ni tabia za Kiislamu kabla ya kuwa za kisayansi.

Nausia mambo manne, na hapana hata moja linalotaka utajiri.

La kwanza, tuwatunze mbele za watu. Siku ya maulidi ya mtaa, au baada ya sala ya Ijumaa, mtoto aliyefanya jambo katika sayansi au kazi ya mikono asimamishwe pamoja na waliokhitimu, aeleze kazi yake kwa maneno machache, aombewe dua. Wako watakaosema tunamwogopea jicho na majivuno. Dawa ya jicho ni dua, na dawa ya majivuno ni malezi. Hatukuacha kuwatunza waliokhitimu Qurani kwa hofu hizo.

La pili, tuwape vifaa. Wazee wetu waliweka wakfu visima, mashamba na nyumba. Hapana kinachozuia kuweka wakfu sanduku la vifaa: koleo, bisibisi, msumeno, kipimo cha umeme, likae madrasani chini ya mwalimu mwaminifu, litumiwe na kila mtoto wa mtaa.

La tatu, mabinti zetu wasiachwe nyuma. Aliyemkumbuka al-Ijliyya hatomwambia binti yake kwamba fizikia ni ya kaka zake.

La nne, waalimu wenzangu, tuulize kabla ya kukemea. Mtoto akileta kitu alichokiunda, hata kikiwa kibovu, tumwambie akieleze. Akikosea adabu tumfunze adabu, kisha turudi kwenye kitu chake. Tukimfukuza na kitu chake atakwenda kutafuta mtu wa kumsikiliza, na huenda huyo atakayempata hatomfundisha kusali.

Chanda chema huvikwa pete. Pete haikiongezei chanda nguvu, lakini hukijulisha kwamba kimeonekana.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa, aibariki mikono yao, awahifadhi na majivuno na husuda, na atusamehe sisi waalimu na wazazi kwa yale tuliyoyavunja kwa kutojua. Amin.